Nimefunga, nimeomba, na bado sisikii kitu

SWALI: Naishi Mbagala, ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku, nina mume na watoto wawili. Ofisi inataka nihamie tawi la Dodoma na nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao niwe nimejibu. Nimefunga siku tatu kavu, sijasikia lolote. Nikipiga magoti usiku, ama nasinzia ama nawaza ada. Wenzangu kwenye kikundi cha maombi kila siku wanasema "Mungu ameniambia". Mimi nina kasoro gani? Na mtu mwenye maisha ya mbio hivi anajifunzaje kuisikia sauti ya Mungu?

JIBU: Dada yangu, tuanze na hilo la kasoro, maana naona linakuumiza kuliko Dodoma yenyewe. Samweli, yule kijana wa Biblia, alikuwa analala hekaluni, penye sanduku la Mungu, anamtumikia Bwana. Mungu alipomwita usiku alikimbilia kwa Eli, na alifanya hivyo mara tatu. Sauti aliisikia vizuri tu. Asichojua ni ya nani. Na Eli mwenyewe, kuhani mzee wa miaka yote ile, hakushtuka mpaka kijana alipomjia mara ya tatu. Kusikia ni jambo moja, kutambua ni jingine, na hilo la pili watu hufundishwa. Mama yako akikupigia kwa namba ngeni, mtandao ukikatakata, unamjua kabla hajataja jina, kwa sababu umeishi na sauti yake. Ndiyo kazi iliyo mbele yako, na haifanyiki kwa siku tatu za njaa.

Kuhusu wenzako, usijipime kwao. Mara nyingi mtu akisema "Mungu ameniambia", akieleza kwa kirefu ni hivi: "nilikuwa naomba, likanijia wazo, nikapata amani, nadhani limetoka kwa Mungu." Huenda ni kweli. Ila wewe unasikia lile fupi, unadhani mwenzako amepigiwa simu kutoka mbinguni, kumbe naye amepata wazo, kama unavyopata wewe ukiwa unafua.

Usingizi umeutaja kama dhambi, nami sidhani. Piga hesabu. Ukitoka saa 11 umeamka saa 10. Ukirudi saa 2 usiku, watoto wale, waoge, madaftari ya shule yakaguliwe, huingii kitandani kabla ya saa 4 na nusu. Hizo ni saa tano na nusu, na simu bado haijachukua fungu lake. Nabii Eliya alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, hakupewa unabii. Alilala, akaamshwa akapewa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akaamshwa akala tena. Ndipo akaenda siku 40 mpaka Horebu, na huko ndiko alikoisikia ile sauti ndogo, ya utulivu. Kwa hiyo mwezi huu usiongeze mkesha. Ongeza dakika 45 za kulala, na maombi marefu ya usiku uyahamishe. Sala ya kabla ya kulala iwe ya dakika mbili: shukuru kwa jambo moja la leo, ungama moja, waombee watoto, lala. Ukisinzia humo hujamkosea mtu.

Dakika 45 hizo zitatoka kwenye simu, hakuna pengine. Simu ilale sebuleni. Kama mna chumba kimoja, iwe juu ya kabati, imezimwa. Nunua saa ndogo ya mezani yenye kengele. Anayeamshwa na simu huizima kengele kwa kidole kilekile kinachofungua ujumbe wa usiku, na kabla hajakanyaga sakafu ameshajua nani kafiwa, nani anadaiwa mchango wa harusi na mzazi gani kamgombeza mwalimu wa darasa la tatu. Kichwa kikishajaa hivyo saa 10 alfajiri, hakuna sala itakayokituliza kwa dakika tano. Makundi yote yanyamazishe: kwaya, vikoba, ukoo, wazazi wa darasa. Yasome mara mbili kwa siku, mchana wakati wa chakula na jioni ukiwa ndani ya gari. Mama na mume waambie kabisa: jambo la dharura wapige, wasitume ujumbe. Na kundi la maombi nalo linyamazishe, tena ningesema hilo la kwanza. Sauti za kurekodiwa za dakika tisa, vipande vya mahubiri, picha zenye mistari ya Biblia na maua, hayo yote yana sura ya ibada, kwa hiyo hutayashuku, nayo yanakula muda ule ule.

Sasa zoezi lenyewe. Dakika 15 kwa siku, siku sita kwa wiki, saa ileile, mahali palepale. Usianze na saa nzima. Wengi huanza hivyo Jumatatu, Alhamisi wameacha. Kwa ratiba yako naona nafasi mbili. Ya kwanza ni alfajiri kabla watoto hawajaamka, umeshanawa uso na kunywa maji, umeketi kibarazani au jikoni. Nyumba ikiwa ndogo, kaa ukingoni mwa kitanda, jifunike khanga kichwani. Watoto watajifunza baada ya wiki kwamba mama akiwa ndani ya khanga haitwi mpaka mtu awe anatoka damu. Nafasi ya pili ni mchana, dakika 15 za kwanza za mapumziko, kabla ya chakula na si baada yake, kwa sababu baada ya ugali utasinzia tu. Makanisa kadhaa ya mjini huwa wazi mchana. Kiti cha nyuma kinatosha.

Uwe na Biblia ya karatasi, si ya kwenye simu. Uwe na daftari dogo, na pembeni kikaratasi kimoja. Kikaratasi ni cha mawazo ya ada. Likija wazo, "unga umeisha", "bodaboda anadai", liandike hapo kwa maneno mawili, urudi. Usipigane nalo wala usiombe liondoke, maana wazo linalokemewa hukaa. Akili inalirudia jambo kwa kuogopa litasahaulika, likishaandikwa huliachia. Siku za kwanza utaandika saba au nane kwa dakika 15. Hilo si kushindwa. Kila ulipoandika na kurudi, umefanya mazoezi.

Dakika mbili za mwanzo kaa wima, nyayo chini, pumua polepole, useme mara moja tu yale maneno ambayo Eli alimfundisha Samweli: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Dakika sita zinazofuata soma mistari 8 mpaka 12 ya Injili, mara tatu. Anza na Marko, sura 16, habari fupi fupi, uende nayo kwa mfuatano. Mara ya kwanza soma ujue nini kimetokea. Mara ya pili soma kwa sauti ya chini, usimame pale neno linapokushika. Mara ya tatu soma sentensi hiyo moja tu. Dakika nne kaa kimya na neno hilo, bila kuomba kitu. Dakika tatu za mwisho andika tarehe, neno lililokushika, ulilomwambia Mungu, na jambo moja la kufanya leo. Watawa wamesoma hivi kwa karne nyingi. Guigo wa Pili, mmonaki wa shirika la Kikatoliki la Wakartusi, wa karne ya 12 huko Ufaransa, aliyaeleza haya kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele za Mungu. Wengi wetu tunapanda vidato vitatu na kushuka mbio.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Umefika Marko 10, kuanzia mstari wa 46, habari za Bartimayo kipofu wa Yeriko. Usomaji wa kwanza unaona mtu anapiga kelele, watu wanamkemea anyamaze, Yesu anasimama. Usomaji wa pili unafika mstari wa 51, Yesu anamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?", na hapo unasita. Swali la ajabu, maana anachotaka kipofu kila mtu anakijua. Unalisoma tena hilo peke yake. Katika ule ukimya wa dakika nne unakumbuka kwamba wiki zote hizi umemwuliza Mungu "nifanye nini?", lakini hujamwambia hata siku moja unataka nini, labda kwa kuogopa kwamba unachokitaka ni dhambi. Unaandika: "Mimi nataka...", na kalamu inasimama. Hakuna sauti iliyosikika masikioni, wala mwili haujasisimka. Lakini swali limekupata lilipokupata, na jioni bado unatembea nalo. Katika maisha ya kawaida, kusikia huwa hivi kwa sehemu kubwa. (Mfano tu huu, usiugeuze kuwa jibu lako la Dodoma.)

Yanayoharibu zoezi nayafahamu matatu. Kuna kufungua Biblia popote na kuweka kidole, ambako leo kutakupa baraka na kesho orodha ya majina katika Mambo ya Nyakati. Kuna kutafuta msisimko, kiasi kwamba siku isiyo na machozi unaihesabu imepotea. Na kuna kusoma kwa niaba ya wengine: "andiko hili lingemfaa sana mume wangu." Hilo la tatu ni gumu kulitambua, hasa kwa wanaofundisha shule ya Jumapili.

Ndani ya daladala usijaribu kutafakari. Konda anaita, redio inahubiri, mtu amekukanyaga. Beba sentensi moja ya asubuhi, iseme moyoni gari linaposimama kituoni, basi. Kama ni Mkatoliki unazo tayari zile saa tatu za sala ya Malaika wa Bwana, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Kama si Mkatoliki, saa hizo hizo zitumie kwa mstari mmoja wa Zaburi. Kila mara ni nusu dakika. Jumapili jioni soma daftari la wiki nzima, upige mstari chini ya kilichojirudia. Wiki mbili za kwanza pengine hutaona kitu, na si dalili mbaya.

Kufunga nako kurekebishe. Siku tatu kavu, huku unafanya hesabu za watu mchana kutwa, zinakupa kichwa kuuma na hasira za bure, na njaa kali inaweza kumfanya mtu aamini lolote linalompitia kichwani. Mfungo haununui sauti. Kwa mfanyakazi inatosha siku moja kwa wiki, kuacha chai na chakula cha mchana, unakunywa maji, unakula saa 12 jioni, na muda wa mlo uliouacha uwe ndio muda wa sala; usipokuwa hivyo, umepunguza uzito tu. Mwenye vidonda vya tumbo, kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa za kila siku, afunge simu badala ya chakula.

Ukianza kusikia, utasikia mengi, na si yote ya Mungu. Kuna hofu yako, kuna tamaa yako, kuna sauti ya mama yako ya mwaka ule. Namna ya kuzipambanua, iliyo bora kuliko zote ninazozijua, ilianzia kitandani kwa mgonjwa. Mwaka 1521 askari wa Kihispania, ndiye baadaye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona. Alipokuwa anauguza aliota ndoto za mchana za aina mbili: za ushujaa na mapenzi ya ikulu, na za kuishi kama watakatifu. Zote zilimpendeza zikiwa zinaendelea. Tofauti ilikuja baadaye: za kwanza zilimwacha mkavu, hana raha, za pili zilimwacha na furaha iliyodumu. Kwa hiyo usilipime wazo lilipokuja, lipime saa tatu baadaye, na kesho yake. Andika pembeni ya daftari neno moja: "kavu" au "tulivu".

Pima pia namna linavyosema. Sauti inayokuambia "wewe ni bure, umeshaharibu kila kitu" haitaji kosa wala haitoi mlango. Roho wa Mungu akikukemea hutaja jambo lenyewe, "ulimjibu vibaya yule mteja", na njia ya kurekebisha unaiona hapo hapo. Pupa nayo iogope: "jibu leo, ukichelewa baraka imepita." Sisemi Mungu hatumi mtu haraka: Filipo, katika Matendo 8, aliambiwa asogelee gari la msafiri Mwethiopia aliyekuwa akisoma maandiko, akakimbia. Lakini alikuwa mtu aliyezoea sauti hiyo, na alichotumwa ni kumsaidia mwingine, si kusaini mkataba.

Sasa Dodoma. Biblia haina mstari wa Dodoma, na hilo usilitafute. Amri za Mungu zinajulikana bila mkesha: usiibe, tunza nyumba yako, mheshimu mzazi. Hili lako ni la hekima, na kwenye mambo ya hekima Mungu huzungumza pia kupitia hesabu zako. Andika swali kwa sentensi moja isiyo na "labda". Halafu kusanya ukweli: mshahara mpya ukiondoa kodi ya nyumba, nauli za kurudi Dar, shule ya watoto, kazi ya mume, nani atamwangalia mama. Mpaka hapo hujaanza kuomba kuhusu uamuzi, umeandaa tu meza. Kisha siku tatu ishi kana kwamba umeshakubali kwenda: amka nalo, panda gari nalo, andika jioni linakuachaje. Siku tatu nyingine ishi kana kwamba umekataa. Usimwambie mtu kazini. Linganisha kurasa.

Usiweke ishara za kumtega Mungu, "nikipata kiti kwenye gari la kwanza basi niende." Wanaomtaja Gideoni, aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo, wasome vizuri Waamuzi 6: Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya kabla ya ngozi. Ishara aliomba kwa woga, Mungu akamvumilia.

Kisha lilete kwa watu, mume wako akiwa wa kwanza. Uhamisho wa familia hausikiwi na sikio moja. Paulo alipoona njozi ya mtu wa Makedonia akimwita avuke akawasaidie, Matendo 16, njozi aliiona peke yake, ila walioona hakika kwamba Mungu amewaita ni "sisi". Ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, waliita kutembea nuruni: jambo lako unaliweka mbele ya wenzako, hata lile unaloliona ni la siri. Tafuta wawili nje ya ndoa, wacha Mungu, na angalau mmoja awe hana faida yoyote wewe ukienda au ukibaki. Wape daftari, si hitimisho. Usiseme "Mungu ameniambia niende, mnaonaje?", maana hapo umeshawafunga midomo. Sema, "haya ndiyo niliyoandika, ninyi mnaona nini?"

Akitokea mtu na unabii, usiutweze, wala usiutekeleze siku hiyo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike yote mawili kwa pumzi moja: msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Uandike na tarehe, uone kama unagusa kitu ambacho Mungu amekuwa akikisema kwako tayari. Unabii wenye bei, iwe ya mafuta, maji au mbegu ya kupanda, usiupokee. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani, mkuu wa jeshi aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyezikimbilia aliondoka na ukoma. Na nabii anayekuambia ufiche jambo kwa mumeo au uvunje undugu, huyo usirudi kwake.

Neno moja zito kidogo, si kwa ajili yako tu bali kwa yeyote anayesoma. Mtu akisikia sauti masikioni kama ya mtu aliye chumbani, zisizokoma, zinazomwamuru ajiumize au aumize wengine, au amekaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, apelekwe hospitali haraka, aende na ndugu. Aombewe, na atibiwe. Kumfungia kwenye maombezi wiki nzima bila daktari kumeumiza wengi.

Ratiba yako basi ni hii. Wiki mbili za kwanza lala, nyamazisha makundi, soma Marko, usiulize lolote la Dodoma. Wiki ya tatu kusanya hesabu. Wiki ya nne siku tatu kwa tatu, na Jumapili yake kaa na mume na wale wawili. Itakubakia kama wiki moja kabla ya siku ya kujibu. Ikiwa kurasa zako zinaelekea upande mmoja, na mume na wale wawili wanaona hivyo hivyo, andika barua. Zikiwa hazielekei popote, omba ofisi ikuongezee muda au ikupeleke kwanza kwa miezi mitatu. Wapo waajiri wanaokubali hilo. Ikikataa, chagua lile ambalo hesabu na nyumba yako vinalibeba, umwambie Mungu umechagua, na uandike kwenye daftari tarehe ya miezi sita mbele ya kuja kulitazama tena.